Panya Hawana Usonji: Jinsi Maabara Zinavyotafsiri Mawasiliano ya Binadamu

1. Utangulizi

Usonji hauna kipimo cha damu. Hakuna picha ya ubongo wala uchunguzi wa jeni ambao peke yake unamwezesha daktari kusema kwamba mtoto huyu ana usonji na yule hana. Kinachoangaliwa ni tabia: mtoto anavyomtazama mama yake, anavyoitika akiitwa, anavyotumia maneno na ishara, anavyocheza na wenzake, anavyorudia jambo lile lile siku nzima. Mengi katika orodha hiyo ni mambo ambayo sisi wa kitivo cha lugha tunayasoma kila wiki kwa majina ya pragmatiki, fonolojia na uchanganuzi wa mazungumzo.

Hata hivyo, ukifungua majarida ya sayansi ya ubongo utakuta kwamba sehemu kubwa ya utafiti juu ya vyanzo vya usonji haifanywi kwa watoto. Inafanywa kwa panya. Mnyama asiye na neno hata moja, asiyejua nafsi ya kwanza wala ya pili, anatumiwa kuchunguza hali ambayo alama yake mojawapo kubwa ni tofauti katika mawasiliano. Jambo hili linawezekanaje?

Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa jicho la isimu. Nitaanza na istilahi, kisha nitaeleza panya hawa wanapatikanaje, wanapimwa nini, sauti zao ni za namna gani, na matokeo yao yamefika wapi. Hoja yangu ni moja: kila jaribio la panya ni tafsiri. Neno la binadamu, kama "mawasiliano", linageuzwa kuwa kitu kinachohesabika katika mwenendo wa panya. Kama ilivyo kwa tafsiri yoyote, kuna kinachovuka na kuna kinachobaki ng'ambo. Anayejua kilichobaki atafaidika na utafiti huu. Asiyejua atawaahidi wazazi jambo ambalo sayansi haijalisema.

2. Istilahi tatu

Neno la kwanza ni usonji. Limezoeleka katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya. Kwetu Kongo wengi hulisikia kwanza kwa Kifaransa, autisme. Neno hilo la Ulaya lina asili ya Kigiriki, autos, yaani "mwenyewe". Lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 20 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, ambaye alilitumia kutaja dalili mojawapo ya skizofrenia. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alilichukua kueleza hali ya watoto 11 aliowaona.

Makala ya Kanner yanamfaa sana mwanafunzi wa isimu, kwa sababu ushahidi wake mwingi ni wa lugha. Kati ya watoto hao 11, wanane walikuwa wanasema na watatu hawakusema. Wale waliosema walirudia maneno waliyoyasikia, mara nyingine siku nyingi baadaye. Walikubali jambo kwa kurudia swali badala ya kusema ndiyo. Viwakilishi vya nafsi walivitumia kama walivyovisikia, bila kuvigeuza. Nitoe mfano wa kutunga kwa lugha yetu: mama anauliza, "Unataka maji?" Mtoto mwenye kiu anajibu, "Unataka maji." Katika Kiswahili nafsi imefichwa ndani ya kitenzi, kwa hiyo tofauti yote imo katika silabi moja: u- imebaki mahali pa ni-. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kwamba marudio ya namna hii si kelele tupu. Mtoto anaweza kuyatumia kushika zamu yake katika mazungumzo, kuomba kitu, au kukubali.

Leo madaktari wengi hufuata mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013. Mwongozo huo unataja mafungu mawili ya alama. Fungu la kwanza ni ugumu katika mawasiliano ya kijamii na uhusiano na watu. Fungu la pili ni tabia na mapendeleo yenye mipaka finyu na yanayojirudia, pamoja na namna isiyo ya kawaida ya kupokea sauti, mwanga au mguso. Kuchelewa kusema, ambako toleo lililotangulia lilikuweka ndani ya vigezo, sasa kunaandikwa pembeni kama maelezo ya ziada. Tukumbuke mafungu haya mawili, maana ndiyo matini asilia ambayo maabara inajaribu kuyatafsiri.

Neno la pili ni panya. Kifaransa hutenga souris na rat. Kiswahili hutumia panya kwa wote wawili. Katika maabara tofauti hiyo ni kubwa. Souris wa maabara ni mdogo, na jeni zake zilianza kubadilishwa kwa ustadi zamani. Rat ni mkubwa zaidi, hucheza na wenzake kwa kukamatana na kupinduana anapokuwa mchanga, na majaribio mengi ya dawa hufanywa kwake. Katika makala haya nitamwita wa kwanza kipanya, na panya nitamwachia wa pili, au wote kwa pamoja pale ambapo tofauti haina uzito.

Neno la tatu ndilo linalonisumbua zaidi: mfano. Watafiti husema wana "mfano wa usonji". Lakini katika Kiswahili mfano una maana zaidi ya moja. Ni kielelezo cha aina, kama tunaposema embe ni mfano wa tunda. Pia ni kitu kilichofananishwa na kingine, kama kinyumba cha udongo kilicho mfano wa nyumba. Mtafiti anakusudia maana ya pili. Msikilizaji anaweza kusikia ya kwanza, akadhani kwamba mnyama yule ana usonji kama vile embe lilivyo tunda. Ndiyo sababu nitatumia neno modeli.

3. Modeli zinapatikanaje?

Sababu za kumchagua panya ni rahisi. Mimba ya kipanya huchukua karibu wiki tatu, na akifika miezi miwili hivi tayari ni mzima. Jeni nyingi za binadamu zina mwenzake kwa kipanya. Ubongo wake unaweza kufunguliwa na seli zake kuangaliwa moja moja, jambo ambalo hakuna anayeweza kulifanya kwa mtoto aliye hai. Kuna njia kuu tatu za kupata modeli.

Njia ya kwanza ni ya jeni. Kwa watu wachache wenye usonji, chanzo kinajulikana: jeni moja imepungua au imebadilika. Jeni ya SHANK3, kwa mfano, hutengeneza protini inayoshikilia muundo wa sinapsi, yaani mahali ambapo seli mbili za neva hupokezana habari. Mtoto aliyepoteza nakala moja ya jeni hiyo mara nyingi huchelewa sana kusema, na wengi wao huonyesha alama za usonji. Watafiti huharibu jeni hiyo hiyo kwa kipanya, kisha wakaangalia kinachotokea. Hivyo ndivyo ilivyofanywa pia kwa jeni za NLGN3 na NLGN4, ambazo mwaka 2003 zilihusishwa na usonji katika familia mbili za Sweden, na kwa FMR1, jeni ya sindromu ya X dhaifu.

Njia ya pili ni ya mazingira ya mimba. Valproati ni dawa ya kifafa. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na usonji. Katika maabara, panya mjamzito hupewa dawa hiyo karibu na siku ya 12 ya mimba na watoto wake huchunguzwa. Niongeze hapa kwamba mwanamke anayetumia dawa ya kifafa asiiache mwenyewe kwa sababu ya sentensi kama hii. Kifafa bila dawa kinaweza kuua, na kubadilisha dawa ni kazi ya daktari.

Njia ya tatu haina jeni iliyochaguliwa wala dawa. Kuna koo za vipanya waliozalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi mpaka wote wakafanana kijeni. Ukoo mmoja, unaoitwa BTBR, una vipanya wasiojali sana wenzao na wanaojisafisha manyoya kwa muda mrefu kupita kawaida. Hawana pia ule mkanda wa nyuzi unaounganisha nusu mbili za ubongo. Hawa walichaguliwa kwa sababu mwenendo wao unafanana na maneno ya mwongozo.

4. Kinachohesabiwa na jina kinachopewa

Sasa tufike kwenye tafsiri yenyewe. Tuanze na fungu la kwanza la mwongozo, uhusiano na wengine. Jaribio linalotumika zaidi lilienezwa tangu mwaka 2004 na Jacqueline Crawley na wenzake, Marekani. Kuna sanduku lenye vyumba vitatu. Kipanya anawekwa chumba cha kati, anaachwa azoee. Kisha katika chumba cha upande mmoja anawekwa kipanya mgeni ndani ya kizimba kidogo cha waya, na upande wa pili kizimba kama hicho kisicho na kitu. Milango inafunguliwa, na kwa muda wa dakika 10 wanahesabu: kipanya amekaa wapi, amenusa wapi. Vipanya wengi hukaa zaidi kwa mgeni. Yule asiyepambanua kati ya mgeni na kizimba kitupu anaandikwa kuwa amepungukiwa na hamu ya wenzake.

Jaribio hili lina faida kubwa: ni rahisi, na kompyuta inaweza kuhesabu bila upendeleo. Lakini tulisome kama wanaisimu. Kilichohesabiwa ni sekunde za kukaa karibu na chanzo cha harufu. Kipanya huufahamu ulimwengu kwa pua kuliko kwa macho. Mnyama asiyenusa vizuri atashindwa jaribio hili hata kama anawapenda wenzake mno, na ndiyo sababu watafiti makini hupima pua kwanza. Zaidi ya hayo, yule mgeni amefungwa. Hawezi kusogea, kukimbia wala kuanza. Mazungumzo, kama tulivyofundishwa, yana pande mbili na zamu. Hapa upande mmoja umefungiwa na zamu zote ni za mwingine.

Pengo hilo si dogo. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao ni tatizo la pande mbili: huyu hamwelewi yule, na yule pia hamwelewi huyu. Kama hoja yake ni sahihi, basi ugumu haumo ndani ya kichwa cha mtu mmoja tu, bali pia uko kati ya watu wawili. Sanduku lenye vyumba vitatu limejengwa kwa namna ambayo haliwezi kuliona jambo hilo. Kwa haki, yako majaribio mengine ambamo vipanya wawili huachwa huru na kamera ikafuata mienendo ya wote wawili. Ni magumu zaidi kuyahesabu.

Fungu la pili, tabia zinazojirudia, limetafsiriwa kwa njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kuhesabu muda ambao kipanya anajisafisha manyoya. Mwaka 2011 kundi la Guoping Feng lilieleza vipanya waliobadilishwa SHANK3 waliojisafisha mpaka wakajichubua ngozi. Tafsiri ya namna hiyo ni vigumu kuipuuza. Ya pili ni kumpa kipanya gololi zilizopangwa juu ya maranda na kuhesabu ngapi amezifukia. Hii ni dhaifu zaidi, maana kipanya ni mchimbaji kwa asili. Anachimba, maranda yanaruka, gololi zinafunikwa. Kuna mahali jaribio hilo hilo liliitwa kipimo cha wasiwasi, na mahali pengine kipimo cha tabia ya kujirudia. Kitendo ni kimoja. Kilichobadilika ni jina.

5. Sauti tusizozisikia

Sehemu inayotugusa zaidi ni ya sauti. Sikio la binadamu huishia karibu na kilohezi 20. Vipanya huita juu ya hapo. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Ujerumani, Zippelius na Schleidt, walieleza kwamba watoto wa kipanya waliotengwa na kiota hutoa sauti ambazo sisi hatuzisikii, na mama huzifuata, akamwinua mtoto kwa meno na kumrudisha. Mwaka 2005 Timothy Holy na Zhongsheng Guo, Marekani, waliwarekodi madume waliokuwa wamepewa harufu ya mkojo wa jike. Waliposhusha kiwango cha sauti hadi masikio yetu yaweze kuisikia, walikuta silabi za aina mbalimbali zinazofuatana kwa mpangilio na kurudiwa, kiasi cha kuziita wimbo.

Mtu aliyesoma fonetiki akiona spektogramu ya wimbo huo atahisi yuko nyumbani. Kuna vipande, kuna mapumziko kati yake, kuna kupanda na kushuka. Watafiti wenyewe hutumia msamiati wetu: silabi, kirai, sintaksia. Hapo ndipo inafaa tuulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, sauti hizi hufunzwa? Mtoto wa binadamu hujifunza lugha ya wanaomlea. Mtoto wa Kibembe akilelewa Lubumbashi na watu wanaosema Kiswahili atasema Kiswahili. Mwaka 2011 Kikusui na wenzake, Japani, waliwapa vipanya wa ukoo mmoja walelewe na ukoo mwingine. Walipokua waliimba kama wazazi wao wa damu. Mwaka 2012 Hammerschmidt na wenzake waliripoti kwamba vipanya wasiosikia kabisa hutoa sauti za kawaida. Na mtoto wa kipanya hulia tangu siku za kwanza za uhai wake, ilhali masikio yake huanza kufanya kazi karibu na siku ya 12. Anaita kabla ya kuweza kujisikia. Wako watafiti waliodai kwamba madume wanaweza kurekebisha kidogo sauti zao kufuatana na mwenzao, lakini hata hao wanazungumzia uwezo ulio mbali sana na wa mtoto wa binadamu.

Swali la pili: je, kila mlio ni ujumbe? Mtoto wa kipanya akitolewa kiotoni hupoa, kwa kuwa bado hana manyoya, na idadi ya milio yake hubadilika na joto la mwili. Mama anaitikia, ni kweli, kwa hiyo mlio una kazi ya mawasiliano kwa anayeupokea. Lakini hatuwezi kuruka kutoka hapo tukasema mtoto alikusudia kumwita. Tofauti kati ya ishara yenye athari na ishara yenye nia ni somo la mwaka wa kwanza wa pragmatiki.

Swali la tatu: je, upungufu unaonekana vipi? Hapa mambo yanachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mwaka 2008 iliripotiwa kwamba vipanya madume wasio na jeni ya NLGN4 hutoa milio michache wanapokutana na jike, na hilo likafananishwa na ugumu wa mawasiliano katika usonji. Mwaka huo huo iliripotiwa kwamba watoto wa ukoo wa BTBR wakitengwa hutoa milio mingi kuliko wa koo nyingine, na hilo pia likafananishwa na mawasiliano yasiyo ya kawaida. Kuzidi na kupungua vyote viwili vimeingia chini ya kichwa kimoja. Inawezekana vyote viwili ni sahihi, kwa kuwa watu wenye usonji nao hawafanani: yupo asiyesema kabisa na yupo anayesema kwa saa nzima juu ya treni. Lakini kigezo kinachokubali matokeo ya upande wowote hakiwezi kushindwa, na kigezo kisichoweza kushindwa hakitufundishi mengi.

Mfano wa jeni ya FOXP2 unaonyesha mpaka wa jambo hili. Mwaka 2001 jeni hiyo ilitambuliwa katika familia moja ya London, ambamo karibu nusu ya watu wa vizazi vitatu walikuwa na ugumu mkubwa wa kutamka na kupanga sauti. Familia ile haikuwa na usonji, lakini habari iliyoenea ilisema "jeni ya lugha" imepatikana. Mwaka 2009 watafiti wa Leipzig na wenzao waliwapa vipanya toleo la binadamu la jeni hiyo. Milio ya watoto ilibadilika kwa kiasi fulani, na seli za sehemu moja ya ndani ya ubongo zilikuwa na matawi marefu zaidi. Hakuna kipanya aliyesema. Kilichopatikana kilikuwa na thamani, yaani dalili kwamba jeni hiyo inagusa njia za ubongo zinazoongoza mwendo na ujifunzaji. Kilikuwa kidogo kuliko jina lake, na cha kweli zaidi.

6. Modeli inafaa lini?

Watafiti hupima modeli kwa vigezo vitatu. Cha kwanza ni sura: je, mwenendo wa mnyama unafanana na alama za binadamu? Cha pili ni chanzo: je, kilichosababisha ni kile kile? Cha tatu ni utabiri: je, kinachomsaidia mnyama kitamsaidia mtu? Kigezo cha sura ndicho kinachovutia macho, na ndicho dhaifu kuliko vyote. BTBR wanapata alama nzuri katika sura lakini hawana chanzo kimoja kinachojulikana kwa binadamu. Vipanya wa SHANK3 wana chanzo.

Kuna pia swali la kurudiwa. Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walifanya majaribio yale yale, kwa vifaa vile vile, na koo zile zile za vipanya, katika maabara tatu: Albany, Edmonton na Portland. Walisawazisha kila walichoweza. Bado baadhi ya matokeo yalitofautiana kati ya maabara na maabara. Tabia ya kipanya hubadilika na mshikaji, kelele na kizimba. Badiliko la jeni ya NLGN3 lilipata hali hiyo hiyo: mwaka 2007 kundi moja liliripoti kwamba vipanya wenye badiliko hilo wana upungufu katika uhusiano na wenzao, na mwaka 2008 kundi lingine halikuona karibu chochote.

Kigezo cha utabiri ndicho kilicholeta maumivu makubwa zaidi. Vipanya wasio na FMR1 walitengenezwa mwaka 1994. Mwaka 2004 Mark Bear na wenzake walitoa nadharia kwamba kipokezi kimoja cha sinapsi kinafanya kazi kupita kiasi katika sindromu ya X dhaifu. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba kukipunguza kwa vipanya kunasahihisha kasoro nyingi. Matumaini yalikuwa makubwa, na kwa haki. Dawa iliyoitwa mavogluranti, inayozuia kipokezi hicho, ilijaribiwa kwa vijana na watu wazima wenye sindromu hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba tabia zao hazikuboreka kuliko za wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kwa nini ilishindikana bado kunajadiliwa: pengine umri, kwa maana ubongo wa mtu mzima umekwisha kujijenga, pengine kipimo cha dawa, pengine vipimo vya tabia vyenyewe. Jambo moja ni wazi. "Kasoro iliyosahihishwa" kwa kipanya na "tabia iliyoboreka" kwa kijana ni maneno mawili tofauti, hata kama katika muhtasari wa makala yanakaa mstari mmoja.

Hata hivyo nisieleweke kwamba modeli hizi ni bure. Mwaka 2016 hiyo hiyo kundi la Feng liliwarudishia vipanya jeni ya SHANK3 walipokuwa tayari wazima. Kujisafisha kupita kiasi kulipungua na kukaa na wenzao kukaongezeka. Wasiwasi na ugumu wa mwendo havikubadilika. Tunajifunza hapo kwamba ubongo mzima bado unaweza kubadilika katika baadhi ya mambo, na kwamba mengine yana muda wake. Maarifa hayo yasingepatikana kwa njia nyingine. Ona kwamba hakuna sehemu yake inayohitaji kusema kipanya yule alikuwa na usonji.

7. Kazi iliyo mezani kwetu

Ni nini hasa kilicho hatarini kwa sisi tusiogusa kipanya wala sinapsi? Nadhani ni sentensi. Matokeo ya maabara hutoka kwa Kiingereza, hupitia Kifaransa cha magazeti, na mwisho hufika redioni kwa Kiswahili chetu. Njiani "vipanya wenye badiliko la jeni fulani walikaa karibu na mgeni kwa sekunde nyingi zaidi" inakuwa "panya wamepona usonji", kisha "dawa ya usonji imepatikana". Katika nchi ambako mtoto asiyesema anaweza kuitwa bubu, au kichaa, au hata kushukiwa uchawi, sentensi hiyo ya mwisho haipiti bure. Mama ataitafuta dawa hiyo, na atakutana na mtu wa kumwuzia.

Wanaotafsiri sentensi hizo ni watu waliopita katika vitivo kama hiki. Kwa hiyo napendekeza desturi nne ndogo za uandishi.

Kwanza, tusiandike "panya mwenye usonji". Tuandike alichofanyiwa: "kipanya aliyeondolewa jeni ya SHANK3", "panya ambaye mama yake alipewa valproati".

Pili, tutaje kilichohesabiwa kabla ya kutaja maana yake. Sekunde, milio, gololi; kisha ndipo "hamu ya wenzake" au "mawasiliano", na mwandishi aonyeshe kwamba hayo ni maelezo ya mtafiti.

Tatu, tutaje mnyama katika kichwa cha habari. Neno "vipanya" katika mstari wa kwanza lingewaokoa wazazi wengi na safari za bure.

Nne, tusitumie kitenzi kupona pale ambapo hakuna mgonjwa. Kipanya alirekebishwa sinapsi. Kuhusu binadamu nako tuwe waangalifu: watu wengi wenye usonji hawajioni kuwa wagonjwa, na wanachoomba ni kueleweka, shule inayowapokea, na msaada wa kuwasiliana.

8. Hitimisho

Panya wanaweza kutuonyesha jeni fulani inafanya nini katika sinapsi, lini ubongo unakubali kurekebishwa, na dawa ipi haifai kujaribiwa zaidi. Hawawezi kutuonyesha kwa nini mtoto anasema "unataka" akimaanisha "nataka", wala namna mazungumzo yanavyovunjika kati ya watu wawili ambao kila mmoja anadhani kosa ni la mwenzake. Hayo hayamo katika sanduku lenye vyumba vitatu. Yamo katika rekodi za watoto wanaosema na wasiosema, katika lugha wanazolelewa nazo.

Maelezo ya usonji yaliyoandikwa kwa kina kuhusu lugha yanategemea zaidi Kiingereza na lugha nyingine chache. Lugha zetu za Kibantu, zenye nafsi ndani ya kitenzi, ngeli zinazodai upatanisho na, katika nyingi, toni zinazobeba maana, zinaweza kuuliza maswali ambayo Kiingereza hakiwezi. Je, mtoto anayerudia kauli nzima anarudia toni yake pia? Je, anabadilisha kiambishi cha nafsi kabla au baada ya kiwakilishi huru? Kazi hiyo haihitaji maabara ya gharama. Inahitaji kinasa sauti, ridhaa ya wazazi, uvumilivu, na mwanafunzi anayejua kusikiliza.